Kabla Hujalipia Land Rover ya Marehemu

Kijana mmoja wa Umoja alinionyesha kwenye simu yake Ford Mustang ya 1965, nyekundu, paa limekunjwa nyuma, inauzwa mnadani huko Marekani. Akateleza kidole, ikaja Ford Bronco ya 1966, ile ya kwanza yenye uso wa mraba. Akaniuliza, "Mzee, hii nikiishusha Mombasa, ushuru utakuwa pesa ngapi?" Nikamwambia ushuru si shida yake. Kenya haipokei gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na lenye usukani wa kushoto halisajiliwi isipokuwa liwe la kazi maalumu, kama ambulensi au zimamoto. Mustang ya mnada ule imeshakosa kwa umri na kwa usukani kabla haijapakiwa melini.

Basi anayetaka gari la kale Nairobi hutafuta lile lililoingia zamani na kuzeekea hapa hapa. Na kama roho yako inataka gari la porini linalovuliwa paa, huna haja ya kuvuka bahari. Land Rover ni binamu wa Jeep. Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia Jeep ya vita vikuu vya pili shambani kwake Anglesey, akaona naye aunde ya kwake. Ikaonyeshwa hadharani 1948. Series II ilifuata 1958, Series III ikaanza 1971 na kuendelea hadi 1985. Fungua boliti, paa linatoka. Hata kioo cha mbele hulazwa juu ya boneti. Jioni ya Jumapili kwenye barabara ya Jogoo, hakuna Mustang itakayokupa upepo zaidi ya huo.

Ziko wapi? Nyingi zilistaafu pamoja na wenyewe. Mzee alifanya kazi wizarani, reli au shambani, akanunua gari, akalileta mtaani Buruburu, Jerusalem au Donholm, akaliendesha mpaka macho yakakataa. Leo limesimama nyuma ya geti chini ya turubai, tairi zimekaa, kuku anataga kwenye kiti cha nyuma. Hayo hayatangazwi. Utayajua kwa kutembea kwa miguu na kuuliza mlinzi, fundi wa pancha na mama wa duka. Broka akilijua kabla yako, bei imeshapanda.

Kanuni yangu ni moja: nunua karatasi na chesisi. Vingine vyote mafundi wa Kariobangi watakutengenezea.

Naanza na karatasi kwa sababu ndizo zilizoniliza. Land Rover yangu ya kwanza niliuziwa na kitinda mimba wa marehemu, kijana mpole, mkononi ana barua ya chifu inayomtaja kuwa mtoto wa nyumba ile. Nikalipa, nikavuta gari kwa kamba mpaka kwangu. Baada ya miezi mitatu akafika dada yake mkubwa kutoka Nakuru, amefuatana na wakili. Barua ya chifu hutambulisha warithi tu, haimpi mtu ruhusa ya kuuza. Anayeweza kukuuzia gari la marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyepewa hati na mahakama, na hati hiyo iwe imethibitishwa. Uliza hati kwanza, na jina lililomo ndilo utakalomlipa. Kama hawana, usiondoke kwa hasira wala usitoe "kitu kidogo cha kushikilia". Waambie utangoja. Familia nyingi husukumwa kuanza kesi ya mirathi na mteja wa namna hiyo, na akingoja kwa adabu ndiye hukumbukwa.

Gari la aliye hai lina njia fupi zaidi. Lipia upekuzi wa rekodi za NTSA kupitia eCitizen, uone jina la mmiliki na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikwa pamoja naye. Namba za injini na chesisi zilizo kwenye logibuku zilingane na za chumani. Kwenye Series II na III, namba ya chesisi imegongwa kwenye kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia. Utaikuta imefunikwa na grisi na udongo wa miaka. Beba brashi ya waya na petroli kidogo. Injini zilibadilishwa sana, na hilo si dhambi, ila liwe limeandikishwa. Na kama gari halionekani kabisa kwenye mfumo, mwachie muuzaji kazi ya kulitafutia faili, wewe ukiwa bado na hela yako mfukoni.

Bamba la namba nalo lina habari zake. Magari yaliyosajiliwa kabla ya 1989 yana herufi tatu na tarakimu, bila ile herufi ya mwisho tuliyoizoea leo. Ukiikuta Series II yenye bamba la namna hiyo, shukuru, na usikubali mtu akushawishi kulibadilisha. Ukiikuta na namba ya juzi juzi, uliza sababu. Huenda ilikuwa GK, gari la serikali, ikauzwa mnadani na kupewa namba ya raia. Basi karatasi za mnada ziwepo.

Sasa chuma. Nenda na sumaku, nyundo ndogo, tochi na nguo ya kulalia chini. Bodi ya Land Rover ni alumini, kwa sababu baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma. Kwa hiyo sumaku isishike kwenye ubavu. Ikishika, mtu ameziba kwa bati. Kwenye Peugeot 504 au Volkswagen ni kinyume: sumaku ikikataa, chini ya rangi kuna puti. Wengi huiona alumini haina kutu, wakadhani gari zima ni zima. Chesisi ni chuma, na ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva ni chuma, na vyote viwili huoza. Tena chesisi ni bomba la mraba linalooza kutoka ndani kuja nje. Ukiiangalia ni nyeusi inang'aa, ukiigonga inapasuka.

Kwa hiyo gonga. Anza na boriti ya nyuma kabisa, uende kwenye mikono inayobeba bodi, umalizie pale springi zinaposhikwa. Chuma kizima hulia; kilichooza hunong'ona kama debe lenye mchanga. Rangi nyeusi mbichi ya juzi chini ya gari lililolala miaka 15 ni ya kukufumba macho. Muulize pia mwenyewe gari limeishi wapi. Lililokaa Mombasa limekula chumvi, na hilo sinunui hata nikipunguziwa nusu. La Nanyuki au Isiolo huwa na mikwaruzo ya miiba, lakini mifupa yake ni mikavu.

Injini sitakuchosha nayo. Ile ya petroli ya lita 2.25 ni rahisi kama cherehani, na spea zake utazipata barabara ya Kirinyaga, kule wenyeji bado wanakuita Grogan. Geuza feni kwa mkono. Kama haijakwama, mengine ni mazungumzo. Ukumbuke tu kwamba inakunywa.

Ukishalivuta nyumbani, nenda Kariobangi Light Industries. Pale wapo wa kuchomelea, wa kukereza vyuma, wa kunyoosha bodi, na wanaoyeyusha alumini kumimina sufuria. Hao wa mwisho wachunge. Mlango wa Land Rover ni alumini nzuri, na ukiuacha chini usiku mmoja, mwezi ujao utakuwa unapikia ugali. Ukinunua mlango au boneti ya mtumba, dai risiti yenye jina. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, na tangu hapo kubeba vipande vya alumini bila karatasi ni kujitafutia maswali barabarani.

Mlipe fundi kwa kazi iliyokwisha. Anayekataa mpango huo ana magari mengine manne yanayongoja hela yako. Na kaa naye. Mafundi wetu wamezoea kazi ya matatu, ya haraka na ya kung'aa, na usipokuwepo utakuta Land Rover ya 1966 ina taa za rangi tano na spika chini ya kiti. Mimi nazipenda matatu za Umoja na Buruburu, ni sanaa yetu, lakini mnunuzi wa gari la kale hulipia kile kilichotoka kiwandani. Skrubu ya zamani yenye mkwaruzo ina thamani kuliko mpya inayong'aa. Kila kitu unachokivua kiweke kwenye mfuko, ukiandike. Turubai peke yake ndilo ningeshona jipya, tena kabla ya mvua za Machi. Mafundi wa viti vya matatu wanaliweza wakipewa la zamani walipimie.

Bima kamili usiitegemee, kampuni nyingi huyakatalia magari ya umri huo. Chukua ya mtu wa tatu na ufunge geti. Ukitaka kujua kazi yako ina daraja gani, hudhuria mashindano ya Concours d'Elegance kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, yanayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo. Tazama waamuzi wanavyoinama chini ya gari na kuangalia usichodhani kingeangaliwa. Nenda mara ya kwanza ukiwa mtazamaji tu.

Na siku ya kwenda kuliona gari la marehemu, nenda na mtu mzima mwenzako, si broka. Bisha hodi, amkia, kubali chai. Mwambie mjane, "Mama, nimeliona gari la mzee, nikasema nije niulize hali." Bei isitajwe siku hiyo. Kwa mjane yule, gari lile bado ni la mumewe, na huenda hakuna aliyewahi kumuuliza mzee alilinunua wapi. Muulize. Jibu lake mara nyingi ndilo litakalokuambia logibuku iko kwenye sanduku gani.