Kuzuia Njia katika Mchezo wa Softiboli

Softiboli ni mchezo uliozaliwa mjini Chicago, katika nchi ya Marekani, mwaka 1887. Mpigaji akiisha kuupiga mpira kwa gongo, hukimbia akipitia vituo vitatu, hata arudi nyumbani alipoanzia. Na toka kituo hata kituo ni futi 60. Walinzi nao hujitahidi kuupata mpira, wamtoe mchezoni kabla hajafika.

Je, njia ile ni ya nani? Mlinzi aliye na mpira mkononi aweza kusimama njiani. Vile vile mlinzi auendeaye mpira uliopigwa: huyo mkimbiaji hana budi kumpisha. Lakini mlinzi asiye na mpira, wala hauendei mpira uliopigwa, akimkawiza mkimbiaji, amevunja sheria. Si lazima wagongane. Kumpunguzia mwendo kwatosha. Wala haifai kitu kusema, "Sikukusudia," maana mwamuzi haulizi habari za moyo, hutazama miguu ya mkimbiaji.

Na iwe hivi: mpigaji amekipita kituo cha kwanza mbio, aelekea cha pili. Mlinzi wa kituo cha kwanza amesimama njiani, ameduwaa akiutazama mpira ulioangukia mbali nyasini. Mkimbiaji amzunguka, apoteza hatua mbili. Na karibu na kituo cha pili akuta mpira umemtangulia, akaguswa nao.

Mwamuzi mgeni wa kazi hupiga kelele palepale mlinzi anapozuia, akaukomesha mchezo. Hilo ni kosa, kwani huenda mkimbiaji angefika mbele zaidi, na kumsimamisha ni kumdhulumu mara ya pili. Ajuaye kazi hunyosha mkono wa kushoto kando, amekunja ngumi, akauacha mchezo uendelee. Mkimbiaji akiguswa kati ya vituo viwili alipozuiliwa, ndipo mwamuzi aukomeshapo mchezo. Wala mkimbiaji hatolewi.

Sasa yaja sehemu ngumu. Mkimbiaji hapewi kituo cha pili kwa sababu ameonewa tu. Mwamuzi hupima: njia ingalikuwa wazi, angalifika? Ikiwa zile hatua mbili ndizo zilizomkosesha, apewa cha pili. Ikiwa mpira ulimtangulia kwa hatua kumi, arudishwa cha kwanza. Naye akikipita kituo alichostahili, akaguswa huko mbele, basi ametoka kweli.

Ndiyo sababu mwamuzi haufuati mpira kwa macho yote mawili, kama wafanyavyo watazamaji. Akiukodolea mpira peke yake, hatajua ni hatua ngapi zilizopotea nyuma ya mgongo wake.