Bonasi ya chai imeingia? Usitume pesa ya ploti kwa haraka

Bonasi ikilipwa, matangazo ya ploti za Diani na Kilifi hufika hadi Litein na Bomet. Ukiambiwa "tuma elfu hamsini leo, kuna mtu mwingine anaitaka", tulia kwanza.

1. Nenda uione ploti, uongee na majirani.
2. Omba nakala ya hati, kisha uliza ofisi ya ardhi mwenyewe ni nani. Kwa Diani ni Kwale. Ada za serikali hulipwa Paybill 222222, si kwa namba ya dalali.
3. Linganisha jina kwenye hati na kitambulisho cha muuzaji.
4. Saini mkataba mbele ya wakili wako, ndipo ulipe.

Pesa uliyotuma ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu.