Dondoo muhimu: Gitaa bora kwa bodi ya bei nafuu

Mpiga gitaa Eddie Van Halen alinunua bodi ya gitaa yenye kasoro kwa dola 50, akaifungia pikapu (kinasa sauti ya nyuzi) aliyoing'oa kwenye gitaa la Gibson. Nawe unaweza kujiundia la kwako.

• Pima kwanza. Shingo ya kawaida ya gitaa aina ya Stratocaster hukaa kwenye nafasi yenye upana wa takriban milimita 56. Umbali kutoka nati hadi daraja uwe takriban milimita 648. Ukikosea, noti za juu hazitalia sawa.

• Kagua unene. Bodi nyingi za bei ya chini ni nyembamba, hivyo daraja lenye springi linaweza kuchomoza mgongoni.

• Wekeza kwenye shingo na vikazio vya nyuzi. Vidole vyako hushinda hapo, na tuni hutulia hapo.

• Linganisha umeme. Pikapu za koili moja hufungwa na potenshiometa za kilo-omu 250, na hambaka (za koili mbili) kwa za 500.

• Usilazimishe skrubu. Toboa tundu jembamba, paka skrubu nta, kisha kaza taratibu kwa mkono. Shingo ya mbao ya mepo ni ngumu, hukata vichwa vya skrubu.

• Zuia mvumo. Tandika karatasi ya shaba ndani ya mashimo ya pikapu, uiunganishe na waya wa athi.