Unataka kusomea tafsiri ya Qurani? Kaa kitako

Mdogo wangu wa Tanga, barua yako nimeisoma. Shahada ya kwanza umemaliza, moyo uko kwenye tafsiri ya Qurani, na nyumbani wanakuuliza utakula nini. Usiwanunie. Swali la wazazi linajibiwa kwa mpango.

Kwanza jua unachokwenda kufanya. Sheikh wa madrasa anakuongoza uishi vipi na aya. Mtafiti anauliza nani aliifasiri hivyo, lini, na alikuwa akimjibu nani. Ukienda chuo kikuu ukitarajia kutoka mufti, utarudi umenuna.

La pili ni Kiarabu. Hapo hakuna njia ya mkato, mpenzi. Kama bado unajikwaa kwenye vitabu visivyo na irabu, anza leo.

Mada je? Iko rafuni kwenu. Chukua Qurani ya Kiswahili ya Waahmadiyya iliyotolewa na Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi mwaka 1953, uiweke sambamba na Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyokamilika 1969. Fungua Al Imran, aya ya 55, panapotajwa Nabii Isa. Waahmadiyya husema alifariki kifo cha kawaida. Masunni wengi husema alipaishwa akiwa hai. Sasa shuka kwenye maelezo ya chini, usome jinsi masheikh wa Afrika Mashariki walivyopingana kwa hoja kwa Kiswahili chetu. Hapo pana tasnifu nzima.

Nisikufiche na machungu yake. Nasr Hamid Abu Zayd, mhadhiri wa Cairo, alihukumiwa na mahakama mwaka 1995, kwa maandishi yake kuhusu Qurani, kuwa ameritadi, ndoa yake ikaamriwa ivunjwe. Yeye na mkewe wakahamia Uholanzi, akafundisha Leiden. Sikutishi, nakwambia mtafute msimamizi asiyekuruka siku maneno yakichacha, na kila unachodai kiwe na ushahidi.

Na kula? Nafasi za uhadhiri ni chache, zinagombewa. Kwa hiyo usingojee uhadhiri peke yake: mwenye Kiarabu na Kiswahili safi hufundisha lugha, hutafsiri, huhariri vitabu. Mweleze mama hivyo, kwa utulivu, ukiwa na tarehe za maombi ya ufadhili mkononi.

Kisha andika swali lako la utafiti kwa ukurasa mmoja, unitumie. Mapenzi ya Qurani unayo. Msimamizi atataka kuona swali.