Kero Ndogo Ndogo za Nyumbani: Kulalamika ni Dawa au Sumu?

Kuna siku ambazo tangu alfajiri hakuna jambo linalokwenda sawa. Stima imepotea. Mfereji unakohoa mara mbili kisha unanyamaza, na mwenye mkokoteni wa maji ameongeza bei ya mtungi. Wali haujaiva na gesi imekwisha. Matatu ya kutoka Mwakirunge kwenda Bamburi imejaa, na inayofuata haionekani. Ukirudi jioni unaambiwa kwamba mtoto ameitia simu yako ndani ya ndoo "kuiosha", na barazani wamekaa wageni watatu wanaongojea chakula ambacho hukukipika.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuitwa msiba. Hata hivyo, usiku ukiingia kichwa kinagonga, shingo imekaza, na mwenzako akisema neno moja la kawaida anajibiwa kwa ukali asiostahili.

Mpenzi msomaji, leo tutajifunza mambo matatu: kero hizi hufanya nini mwilini, je, kuzilalamikia kunasaidia, na ni zipi ambazo si ndogo hata kidogo.

Mwili unapokerwa

Ubongo hautofautishi sana kati ya nyoka aliye mlangoni na mtu aliyekukatiza kwenye foleni. Katika hali zote mbili hupeleka habari kwa tezi mbili zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga adrenalini ndani ya damu. Moyo huenda mbio, mishipa ya damu hujibana, ini hutoa sukari, na misuli hukaza tayari kwa kupigana au kukimbia. Baadaye hufuata homoni nyingine iitwayo kortisoli, ambayo huuweka mwili katika hali hiyo ya tahadhari. Daktari Hans Selye, aliyefanya kazi nchini Kanada, ndiye aliyeanza kuieleza hali hii ya mkazo katika makala yake ya mwaka 1936.

Kukasirika mara moja hakumdhuru mtu mwenye afya. Nyoka akishaondoka, mwili hutulia wenyewe. Taabu ni kwamba kero za nyumbani haziondoki. Moja haijapoa, ya pili imeshapiga hodi, na mwili hukosa nafasi ya kurudi chini. Ndipo zinapokuja kuumwa na kichwa, tumbo kujaa gesi, usingizi wa mang'amung'amu na uchovu usio na sababu. Bandu bandu huisha gogo.

Mwaka 1981 wataalamu wa Marekani, miongoni mwao Allen Kanner na Richard Lazarus, walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watu wazima kwa miezi 10. Waliwauliza kuhusu mambo makubwa ya maisha kama vile kufiwa na talaka, na pia kuhusu kero za kila siku. Waligundua kwamba kero ndogo zilionyesha vizuri zaidi ni nani ataingiwa na dhiki ya nafsi kuliko yale mambo makubwa. Msiba huja na majirani, chakula cha matanga na pole. Lakini nani atakuja kukupa pole kwa sababu gesi imekwisha?

Je, kulalamika kunasaidia?

Sisi watu wa Pwani hatukungoja vitabu kutufundisha kutoa dukuduku. Wazee wana baraza na kahawa chungu. Akina mama wana leso, ambayo jina lake husema kwa jirani lile ambalo mdomo umelimeza. Faida yake ni ya kweli. Mwaka 1986 wataalamu James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti ambao ndani yake wanafunzi wa chuo waliandika kwa siku nne kuhusu mambo mazito yaliyowasumbua. Katika miezi iliyofuata, walioandika juu ya matukio yenyewe pamoja na hisia zao walikwenda kliniki ya chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Jambo likishatamkwa au kuandikwa, akili hupata pa kulishikia.

Lakini kuna upande wa pili ambao wengi hawaujui. Wapo wanaoamini kwamba hasira ni kama mvuke ndani ya sufuria: ufunue mfuniko, upige kelele, upige meza, nayo itakwisha. Brad Bushman aliijaribu imani hiyo kwa wanafunzi 600 na kutangaza matokeo mwaka 2002. Walioambiwa wapige mfuko wa ngumi huku wakimfikiria mtu aliyewaudhi walitoka na hasira zaidi kuliko walioketi kimya bila kufanya lolote. Mwaka 2024 yeye na Sophie Kjærvik walipitia tafiti 154 zilizohusu zaidi ya watu 10,000. Mambo yanayoupoza mwili, kama kupumua polepole na kutafakari kwa utulivu, yalipunguza hasira. Yanayoupandisha moto mwili hayakusaidia.

Maana yake ni nini? Ukimsimulia dada yako kisa cha kondakta aliyekunyima chenji, umetua mzigo. Ukikisimulia tena kwa jirani, kisha kwa shemeji, kisha usiku kwa mume, kila mara moyo unakwenda mbio upya kana kwamba kondakta amesimama mbele yako. Umetukanwa mara moja, lakini mwili wako umelipa mara nne.

Kipimo cha dawa hii

Kama dawa yoyote, kulalamika kuna kipimo. Mashauri haya yatakusaidia:

1. Tulia kwanza. Keti, vuta pumzi taratibu kwa pua, itoe kwa kinywa polepole zaidi. Fanya hivyo kwa dakika tano kabla ya kumjibu mtu.

2. Mwambie mtu mmoja, anayejua kusikiliza na kutunza siri, na umwambie mara moja. Usimtwishe mtoto mizigo ya watu wazima.

3. Maliza na swali: "Sasa nifanye nini?" Kama lipo la kufanya, lifanye. Tenga mtungi mmoja wa maji ya akiba. Weka jiko la makaa tayari kwa siku ya gesi kukwisha, lakini lipikie nje au penye hewa nyingi. Kung'uta viatu kabla ya kuvivaa, kwani nge hapigi hodi.

4. Kama hakuna la kufanya, liache lipite. Kusamehe matatu iliyokwisha kwenda ni kujihurumia mwenyewe.

5. Hesabu na mazuri. Kuku uliyedhani ameibwa anatokea kichakani na vifaranga tisa. Shati la zamani linatoa noti iliyosahauliwa mfukoni. Mshangao wa namna hii nao usimulie nyumbani, tena huu waweza kuurudia upendavyo.

6. Usitibu kero kwa sigara, muguka au pombe. Sigara na muguka huongeza mapigo ya moyo yaleyale unayotaka kuyatuliza, na pombe huharibu usingizi.

Kero zisizo ndogo

Hapa ndipo penye hatari, msomaji. Kuna mambo tunayoyatia katika kapu la kero za kawaida ilhali si mahali pake.

La kwanza ni moshi. Mkazi wa Mwakirunge aliye karibu na jaa la taka za Mombasa akilalamikia moshi na nzi, halalamiki ovyo. Moshi wa taka zinazoungua huchokoza mapafu, na kwa mtoto mwenye pumu unaweza kuleta shambulio la usiku huohuo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Lalamiko hili lisiishie barazani. Lifike kwa chifu, kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti na kwa NEMA, kwa maandishi, na ikiwezekana mkiwa kikundi.

La pili ni presha. Katika zahanati husikia maneno haya mara nyingi: "Daktari, presha yangu ni ya hasira za nyumbani tu. Nikitulia hushuka. Vidonge vya nini?" Jibu langu ni hili: "Mama yangu, hasira hupandisha presha kwa muda. Lakini ikipimwa siku tofauti, umekaa kimya dakika tano, na bado inafika 140 kwa 90 au zaidi, huo ni ugonjwa." Watu wengi wenye presha hawasikii maumivu yoyote. Anayeacha vidonge kwa kuwa wiki hii nyumbani kuna amani anajiweka katika hatari ya kiharusi, na ya kuharibikiwa moyo na figo. Usiviache bila kuzungumza na daktari wako.

La tatu ni huzuni. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi hupati usingizi, hufurahii chochote, kila jambo dogo linakutoa machozi, au unawaza kujidhuru, hiyo si kero. Ni maradhi yanayotibika. Kadhalika kupigwa nyumbani si "mambo madogo ya ndoa". Nenda kituo cha afya bila kuchelewa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Maswali ya kujipima

Kabla ya kulala leo, jiulize: Ni kero gani niliyoisimulia zaidi ya mara moja? Ni ipi ninayoweza kuitengeneza kesho? Ni ipi niliyoiita ndogo ilhali inahitaji daktari au chifu? Na presha yangu, niliipima lini mara ya mwisho?

Kama hilo la mwisho limekosa jibu, anza nalo.