Jua Haki Zako: Gitaa la Marehemu na Mnunuzi wa Mjini

Limekaa juu ya kabati miaka mingi, limefungwa kwa kitenge. Si gitaa kavu la kawaida lenye tundu moja la duara katikati. Hili kifua chake kimebinuka kama cha fidla, na kila upande wa nyuzi lina mpasuo mrefu wenye umbo la herufi f. Magitaa ya namna hii yalipendwa na bendi za dansi za Marekani na Ulaya zama ambazo gitaa la umeme lilikuwa bado halijaenea. Gibson L-5, ambalo wengi hulihesabu kuwa mama yao, lilitoka mwaka 1922. Leo wapo watu wanaoyasaka kila pembe ya dunia, na msako huo una madalali hata huku kwetu.

Tuseme kabati hilo liko nyumbani kwa mama mmoja, Ulyankulu mkoani Tabora. Marehemu mumewe alipiga solo kwenye kwaya. Kijana kutoka mjini amefika na bodaboda, amekifungua kitenge, amechungulia ndani ya mpasuo akisoma karatasi iliyobandikwa humo, kisha akasema: "Mama, nakupa laki mbili na nusu, tena kwa sababu nakuheshimu."

Watu wengi wakifika hapo hukimbilia bei. Mimi ningeuliza kwanza gitaa ni la nani. Wapigaji wengi wa kizazi kile hawakumiliki chombo walichopiga. NUTA Jazz ilipoanza mwaka 1964, bendi ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa vya chama. Bendi za polisi na za jeshi zilipiga vyombo vya serikali. Kwenye baa, vyombo vilikuwa vya mwenye baa. Kukaa na gitaa nyumbani, hata miaka 30, hakumfanyi mtu kuwa mwenyewe.

Kwa Ulyankulu swali hili lina uzito zaidi, maana muziki wa pale ulilelewa na kwaya. Makazi yalifunguliwa mwaka 1972 kuwapokea wakimbizi wa Burundi, barabara zikapewa namba, na kwaya ya Barabara ya 13 ikalifikisha jina la Ulyankulu mahali ambapo watu hawajawahi kuiona Tabora. Gitaa la kwaya likinunuliwa kwa michango ya waumini, au likiletwa na mfadhili kwa ajili ya kanisa, ni mali ya kanisa. Na kanisa lililosajiliwa kwa kawaida hushika mali yake kupitia bodi ya wadhamini iliyosajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) chini ya Sura ya 318 ya sheria za Tanzania. Mwenyekiti wa kwaya hana mamlaka ya kuliuza kwa sababu tu ufunguo wa stoo uko mfukoni mwake. Mchungaji naye hana, akiwa peke yake. Anayetaka kununua aombe barua ya uamuzi wa wadhamini, na aisome mpaka mwisho.

Kama gitaa lilikuwa la marehemu kweli, kwa pesa yake, basi sasa liko kwenye mirathi. Mjane ni mrithi mmoja kati ya warithi. Anayeruhusiwa kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi safari hiyo huanzia kwenye kikao cha familia na kuishia Mahakama ya Mwanzo. Najua watu hulalamika kwamba ni usumbufu mkubwa kwa kitu kimoja cha mbao. Lakini mtoto wa marehemu aliyeko Mpanda akisikia baadaye kwamba gitaa la baba limeuzwa bila yeye kuulizwa, ana haki ya kulalamika, na mnunuzi ndiye atakayebaki na kesi mkononi.

Kuna njia nyingine mbili ambazo magitaa hupotelea. Ya kwanza ni bondi. Mpigaji amedaiwa, ameliacha gitaa kwa mdai wake. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu mshika rehani kuliuza gitaa iwapo deni halikulipwa kwa wakati, lakini baada ya kumpa mwenye mali taarifa yenye muda wa kutosha, na ziada ya mauzo hurudi kwa mwenyewe. Ya pili ni fundi. Aliyegundisha shingo iliyoachia anaweza kulizuia gitaa mpaka alipwe ufundi wake. Kulizuia, ndiyo. Kuliuza kwa mtu mwingine ni jambo jingine kabisa, na anayenunua kwa fundi ajue hilo.

Kanuni inayotawala haya yote imo kwenye Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214: asiye mwenye mali, na asiyetumwa na mwenye mali, hawezi kumpa mnunuzi umiliki ambao yeye mwenyewe hana. Ukinunua gitaa la wizi kwa nia njema kabisa, mbele ya mashahidi na kwa muhuri wa kijiji, mwenyewe akijitokeza unalitoa. Haki yako ni kumdai aliyekuuzia arudishe fedha, kwa kuwa sheria inahesabu kila muuzaji ameahidi, hata kama hakutamka, kwamba ana haki ya kuuza. Ndiyo maana napenda namba ya kitambulisho cha muuzaji kuliko muhuri wowote. Na kama ulijua, au mazingira yalikupa kila sababu ya kujua, kwamba ni la wizi, unaingia kwenye Kanuni ya Adhabu, kosa la kupokea mali ya wizi, na mambo hayo si ya kudaiana tena.

Turudi kwa mama na laki mbili na nusu zake. Tuseme kijana anajua kwamba gitaa lile huko nje litauzwa mara 20 ya bei hiyo. Je, amedhulumu kisheria? Jibu litawaudhi wasomaji wengi. Kunyamaza peke yake si ulaghai, ila pale ambapo mtu ana wajibu wa kusema. Kukosea thamani ya kitu chako hakuvunji mkataba. Na bei ndogo peke yake haiubatilishi, ingawa mahakama inaweza kuitazama bei hiyo inapopima kama ridhaa yako ilikuwa huru kweli.

Mambo hubadilika pale kijana anapofungua mdomo. Akisoma ile karatasi ndani ya mpasuo, akaona jina la kiwanda, kisha akamwambia mama, "Hili ni la kubandika tu, la kiwanda cha mtaani," ametamka uongo kuhusu jambo la hakika huku akijua ni uongo. Huo ni ulaghai, na mkataba uliopatikana hivyo unaweza kuvunjwa na aliyelaghaiwa. Kwa hiyo, muuzaji, muulize maswali mbele ya watu: limetengenezwa wapi, karatasi hii inasema nini, unalipeleka kwa nani? Akikataa kujibu umejua. Akijibu uongo, una mashahidi. Bora zaidi, usiuze siku hiyo. Piga picha ya karatasi, ya namba iliyogongwa, ya kichwa cha gitaa na ya kifua, uulize watu wawili watatu. Gitaa limengoja tangu kaseti zikiwa mpya. Litangoja wiki moja.

Dalali naye ana sheria yake. Ukimtuma akutafutie mteja, ni wakala wako, na wakala haruhusiwi kujinunulia mwenyewe kwa siri kisha akauza kwa faida. Ukigundua, unaweza kuukataa ununuzi huo au kuidai faida aliyoipata. Enzi za misafara, Mtemi Mirambo alitoza hongo, yaani ushuru wa njia, waziwazi kwa aliyepita nchini mwake, na kila mfanyabiashara alijua. Dalali mwenye bei mbili mfukoni hana hata uwazi huo.

Upande wa mnunuzi, hatari kubwa ni sifa. Ukiambiwa "hili ni Gibson la mwaka 1957" na likatokea kuwa la kuiga, umeuziwa kitu kisicholingana na maelezo, na sheria inakuruhusu kulikataa. Ukiambiwa "lilipigwa na Tabora Jazz enzi za Segere Matata", na ndiyo iliyokufanya uongeze bei, iandike sentensi hiyo kwenye hati kama ilivyotamkwa. Muuzaji mkweli atakubali. Mwingine ataanza kusema, "Nilisikia tu kwa watu." Lakini akikuambia tangu mwanzo, "Mimi silijui, litazame mwenyewe," macho yako ndiyo yatakayokulinda. Ahadi ya ubora ambayo sheria huiweka bila kutamkwa humbana zaidi yule anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo, na mjane wa Ulyankulu hauzi magitaa. Kasoro unayoweza kuiona ukilikagua, usitegemee kuidai baadaye. Basi likague hasa. Kiangazi cha Tabora ni kirefu na kikavu, na mbao iliyochongwa nyembamba hupasuka kuanzia kwenye ile mipasuo ya f; gundi ya zamani huachia shingoni na kwenye mbavu. Gonga kifua kwa kidole, usikilize kama kuna kitu kinachocheza ndani.

Sasa hati. Sura ya 214 inasema mauziano ya bidhaa yenye thamani ya shilingi 200 au zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani bila maandishi, isipokuwa mnunuzi awe amepokea mali au sehemu yake, au ametoa arubuni au sehemu ya malipo. Ndiyo, 200. Sheria ilitungwa wakati shilingi 200 ilikuwa fedha ya kuhesabiwa, na hakuna aliyeihurumia tangu hapo. Maana yake ni kwamba makubaliano ya mdomo matupu, bila kishika uchumba na bila gitaa kubadilisha mikono, hayana meno. Hati ya mauziano iwe na majina kamili, namba za vitambulisho, maelezo na namba ya gitaa, asili ya umiliki, bei, namna ya kulipa, na saini za mashahidi wa pande zote mbili. Mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji akishuhudia ni vizuri, ila muhuri wake unathibitisha kwamba mliandikishana. Hauthibitishi kwamba mali ilikuwa yako. Mkimbizi aliyepata uraia kwa tajnisi na ambaye hajaupata wako sawa hapa: Sheria ya Mikataba inatazama umri, akili timamu na ridhaa, na haisemi kitu kuhusu alikozaliwa mtu.

Malipo ya simu yana mtego wake. Ujumbe wa kufoji unaosema umepokea laki kadhaa hutengenezwa kwa dakika moja. Angalia salio, usiangalie ujumbe. Muuzaji ambaye hajalipwa na bado ana gitaa mkononi ana haki ya kulizuia mpaka alipwe. Ukishalitoa kwa ujumbe wa uongo, nenda polisi siku hiyohiyo, maana aliyekulaghai mpaka ukakubali kumuuzia anaweza kumuuzia mtu mwingine asiyejua lolote kabla hujaukana mkataba, na huyo wa tatu anaweza kulindwa na sheria kwa namna ambayo mnunuzi wa kitu kilichoibwa halindwi.

Deni linalotokana na mkataba, lisilozidi shilingi milioni 30, linaweza kudaiwa Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili. Muda wa kufungua dai la mkataba ni miaka 6, ila usiuchezee, maana mashahidi huhama na wengine hufa. Usifute mazungumzo ya WhatsApp. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ujumbe wa namna hiyo unaweza kupokelewa kama ushahidi, na mahakama itataka kujua ulihifadhiwaje, kwa hiyo itunze simu yenyewe. Asiye na uwezo wa wakili amtafute msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hao.

Limebaki suala la kusafirisha. Wengi hudhani mali ni ya muuzaji mpaka imfikie mnunuzi. Kama hamkupatana vinginevyo, gitaa mlilolikubali likiwa tayari kukabidhiwa huwa la mnunuzi tangu mkataba unapofungwa, hata kama halijalipwa wala kuchukuliwa, na hatari humfuata mwenye mali. Kuliweka kwenye basi kwa maelekezo ya mnunuzi kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni kumkabidhi. Likivunjika njiani kwenda Dar es Salaam, hasara ni yake. Andikeni kwenye hati nani anabeba hatari na mpaka wapi.

Likienda nje ya nchi, Sheria ya Mambo ya Kale haitalizuia. Masalia inayoyalinda ni ya kabla ya mwaka 1863. Mbao ndiyo inayoweza kuleta shida. Ubao wa vidole ukiwa wa rosewood ya Brazil, ndugu wa mpingo wetu, CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, imeifungia biashara yake tangu 1992, hata ikiwa ndani ya ala iliyokamilika, na kibali hutafutwa kabla ya safari. Ubao ukiwa wa mpingo wenyewe, ala iliyokamilika imeachiwa huru na mkataba huo tangu 2019.

Na wakati wa kulifunga, kumbuka kwamba daraja la gitaa hili halijagundishwa. Linashikwa na mkazo wa nyuzi tu; ukizilegeza zote linaanguka, na ni rahisi kubaki kwenye mkeka wa mama. Lifunge kando kwenye kitambaa, na kwenye hati, chini ya orodha ya vilivyokabidhiwa, andika: daraja, moja.