Somo la Mwezi: Jikoni Ndiko Darasani

Soma: Waamuzi 12:1-6, Ruthu 2:8-16



Katika Waamuzi sura ya 12 tunasoma jinsi watu wa Gileadi walivyovishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka alitakiwa kutamka neno moja, Shibolethi. Waefraimu walishindwa, wakasema Sibolethi, na watu 42,000 wakaangamia. Sisi hatumwui mtu kwa sababu ya matamshi yake. Lakini tunacheka, na kicheko nacho humrudisha mtu ng'ambo ya mto.

Tunayasema haya kwa kuwa tumeyatenda. Maji ya Chai iko kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, na wageni wanaohamia ni wengi. Akina mama hutoka Singida, Kondoa, Babati na kwingineko, wakiwafuata waume zao, au wakitafuta vibarua na kazi za jikoni katika hoteli za watalii. Huko Kiingereza kinatakiwa. Tulipoanza kuwafundisha, tuliwapanga kwenye madawati, tukaandika ubaoni "rice". Mama mmoja, ambaye ulimi wake haukuzoea kutenga r na l, akasoma "lice", yaani chawa. Darasa likacheka, na sisi walimu tukacheka. Juma lililofuata hakuja.

Tulimwendea nyumbani kumwomba radhi, tukamkuta anapika. Alitukaribisha, akatupa ungo tupepete mchele. Tulipepeta vibaya, nusu ya mchele ikamwagika. Hakucheka. Alituonyesha tena, polepole. Tukaona kosa letu: tulimtoa mahali anapojua kila kitu, tukamweka mahali asipojua lolote.

Jambo hili si geni nchini mwetu. Mwaka 1968 ulianza Mwanza mradi wa kisomo chenye manufaa, kwa msaada wa UNESCO. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba, uvuvi, ndizi na maarifa ya nyumbani. Mwalimu Nyerere naye aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Msingi ni ule ule: mtu mzima haji darasani mikono mitupu. Anza na lile analolijua.

Sasa tunafundisha hivi:

Kwanza, anayepika ndiye mwalimu. Leo mama wa Singida anasonga ugali wa mtama na kupika mlenda. Kesho ni zamu ya ndizi za Kimeru. Wengine wote, pamoja na mwalimu wa Kiingereza, hutii maagizo yake.

Pili, neno lifuate mkono. Anaosha, anasema "wash". Anamenya, anasema "peel". Maneno sita kwa siku yanatosha.

Tatu, lugha zilinganishwe. Sisi tuna mpunga, mchele na wali. Mwingereza kwa kawaida huviita vyote "rice". Mama akiliona hilo hutambua kwamba lugha yake si maskini.

Nne, kosa lirekebishwe kwa kurudia, si kwa kicheko. Katika l ncha ya ulimi hugusa nyuma ya meno ya juu. Katika r ya Kiingereza haigusi popote. Mwalimu atamke, wote warudie, kazi iendelee.

Tano, kuandika kuje mwisho: majina ya vyakula, kisha maandishi ya pakiti, kisha maelezo ya dawa, ambayo mara nyingi ni ya Kiingereza. Kutojua kuyasoma kunaweza kumdhuru mtoto.

Hapa kwetu liko pia somo la maji. Mgeni huyaona ni safi, asijue kwamba maji mengi ya ukanda huu yana floraidi nyingi, ambayo hutia meno ya watoto rangi ya kahawia, na ikizidi hulemaza mifupa. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi, na magadi tunayotia katika makande yanaweza kuiongeza. Kwa hiyo siku ya kufundisha "boil" tunaeleza hayo yote, na tunapikia maji ya mvua au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa. Yeye anatufundisha mlenda, sisi tunamfundisha maji.

Ruthu naye alikuwa mgeni, Mmoabi. Boazi hakumpima kwa matamshi. Alimkaribisha kula pamoja na wavunaji, na aliwaagiza vijana wake wasimwaibishe. Kwa Ruthu huyo alizaliwa Obedi, babu yake Daudi.

Yule mama wa mchele alirudi siku ya zamu yake ya kupika. Bado r humshinda mara kwa mara. Lakini huisema kwa sauti, nasi tunairudia pamoja naye.

Maswali ya kujadili katika vikundi:

1. Ni mgeni gani kanisani kwetu amenyamaza kwa sababu tulimcheka?
2. Je, tumewahi kumwomba atufundishe jambo analolijua yeye?
3. Boazi aliwaagiza vijana wake. Nasi tuwaagize nini watoto wetu?